Nati za Kigari cha Sista Atuganile

"Mkono hukaza, waya hulinda." Leo mmeisikia karakana kwa mwalimu wenu, mkacheka, mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haikutoka kwa wahenga. Nilikuwapo ilipozaliwa: Jumamosi, tarehe 14 Juni 1986, saa mbili na robo asubuhi, ukungu wa Rungwe ukiwa umetanda hadi kwenye magoli, na baridi ikitutoa mvuke vinywani.

Siku hiyo shule yetu ilikuwa ikimuaga Sista Atuganile, muuguzi aliyetulea miaka yote ya bweni. Nilipokuwa kidato cha pili, tumbo lilinishika nusura nife. Alinilaza katika kigari cha pembeni cha pikipiki ya shule, mkuu wa shule akaendesha, yeye akakaa nyuma yake akinishikilia kichwa hadi hospitali, ng'ambo ya mto, chini ya mteremko mkali. Nilipopona nikamuuliza nitamlipa nini. Akasema, "Siku moja utaniendesha mimi." Ahadi ni deni, nasi hatukufundishwa kukwepa madeni.

Kwa hiyo mimi na Lwitiko, rafiki yangu wa zamani wa bweni moja, tukaifufua pikipiki ile ya mwaka 1951 iliyokuwa imetelekezwa stoo. Mimi nilishughulikia injini. Lwitiko akaunganisha kigari. Kigari kilishikwa na boliti nne, na kila nati ilikuwa na waya mwembamba uliopitishwa katika tundu lake ukafungwa, ili mtikisiko wa injini usiizungushe. Lakini Lwitiko alikuwa amelelewa na ukaguzi wetu wa usafi bwenini kila Jumamosi, ambapo chenye kutu hakikuwa na mahali. Akaziona nyaya zina kutu, akazitupa. Akazing'arisha nati zikawa kama shilingi mpya, kisha akazikaza kwa spana iliyorefushwa kwa bomba hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

Asubuhi ile wanafunzi walijipanga pande zote mbili za njia. Injini iliponguruma, uwanja mzima ulilipuka kwa vifijo, na moyo wangu ukadunda kama wa mtoto. Lwitiko aliomba azunguke mara moja kuipasha moto. Kigarini akapakia gunia la viazi badala ya Sista. Akapita mbele yetu kifua mbele, akipunga mkono. Alipofika penye mashimo karibu na lango, pikipiki ikaanza kutetemeka. Tukaona kitu kinachong'aa kikirukia majanini, kisha kingine. Pikipiki ikashika kulia. Kigari kikaamua kushoto, kikaingia shamba la kabichi, kikabinuka, viazi vikatapakaa.

Sista Atuganile akaenda hadi pale, taratibu, akavitazama viazi.

"Lwitiko mwanangu, gunia lile ndilo mimi?"

"Sista, nilikaza kwa nguvu zangu zote."

"Na nyaya?"

"Zilikuwa na kutu, Sista. Na leo ni Jumamosi."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Sista hakucheka. Miaka yote ile ndiye aliyemshikia mkuu wa shule koleo alipozifunga nyaya kabla ya kila safari. Akageukia mteremko wa kwenda mtoni, akasema bila kupaza sauti, "Mkono hukaza, waya hulinda. Mkono wako ulibaki karakana, mwanangu. Barabarani nati ilikuwa peke yake."

Lwitiko akashauri Sista asindikizwe kwa gari la shule, maana wageni waliokuja kumuaga walikuwa wakisubiri. Nikakataa. Deni langu halilipwi kwa gari la mwingine. Tukazitafuta boliti na nati majanini mpaka zote zikapatikana. Lwitiko mwenyewe akapiga magoti matopeni, akazikaza, akazifunga waya mpya akiuvuta upande wa kukazia, ili nati ikitaka kulegea, waya uizuie. Sista akapitisha kidole kwenye kila fundo kama anayekagua mshono wa mgonjwa. Kisha akaketi.

"Nipeleke nilikokupeleka," akaniambia.

Tukauteremka mteremko ule, ukungu ukipasuka mbele yetu, daraja likivuma chini ya magurudumu, naye akicheka kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia zahanati. Langoni mwa hospitali alishuka, akainama, akazigusa nati zote. Hata moja haikuwa imesogea.

"Mkono hukaza," akasema.

"Waya hulinda," nikamjibu.

"Basi umenilipa. Sikudai tena."