Matanga ya Jiwe la Ngoma

Hapo zamani za kale, watoto wangu, kabla watu hawajaanza kuliona kila jiwe kama kokoto, wanyama walikuwa na mji wao chini ya Jiwe la Ngoma. Kaeni vizuri. Hadithi hii hunipandisha hasira, na leo sina nia ya kuificha.

Jiwe hilo lilikuwa kubwa kuliko nyumba kumi, nalo lilikalia mawe mengine mawili madogo. Ukiligonga ubavuni kwa kijiwe, lilijibu: ngoooo! Sauti yake ilivuka mto. Lilipigwa mara tatu moto ukizuka na mara saba mtu akifa. Mvua ya kwanza ya mwaka ikinyesha, kila nyumba ilikuja na mtoto wake mchanga, wakamshika mkono akagonga mara moja, jiwe limjue. Kisha watu walipika na kucheza, na watoto wakateleza kwenye mgongo wa jiwe mpaka kaptura zikatoboka.

Kwa kugongwa huko, vizazi na vizazi, ubavu wa jiwe ulikuwa na vishimo, kila ukoo na kishimo chake. Aliyevifagia na kukumbuka kipi ni cha nani alikuwa Pimbi, mama mmoja mfupi mwenye maneno mengi. Aliishi kwenye ufa chini ya jiwe, kama mama yake na bibi yake kabla yake.

Basi mwaka mmoja Mtemi Tembo alikwenda kutembelea nchi jirani, akakuta mtemi mwenzake ana ukuta wa mawe kuzunguka boma. Wivu ukamshika. Aliporudi alimwita Fisi, msimamizi wake wa ujenzi, akamwambia anataka ukuta mrefu kuliko ule. Fisi akajibu kwamba mawe yapo, tena karibu. Kuna jiwe moja linatosha ukuta mzima, na limekaa tu, halina kazi.

Halina kazi! Mnamsikia Fisi lakini?

Kesho yake Fisi alikwenda kujaribu. Alikoka moto pembeni mwa jiwe, likapata joto, akalimwagia maji ya baridi. Chwaaa! Pande moja likapasuka, likaanguka chini. Pande hilo ndilo lililokuwa na kishimo cha ukoo wa Nyumbu. Fisi akalitazama, akasema limepasuka vizuri.

Pimbi alitoka ufani mwake akayakuta mapande. Aliyaokota moja moja, akajaribu kuyaunganisha, hayakukubali. Akaenda moja kwa moja barazani kwa Mtemi.

Alimweleza kwa adabu kwamba ng'ambo ya mto kuna mlima uliojaa mawe yaliyoporomoka yenyewe, ya kuokota tu. Fisi akadakia kwamba kule ni siku mbili za kubeba, na jiwe ni jiwe. Tembo akacheka, tumbo likamtikisika.

"Mtemi," Pimbi akasema, "kishimo cha tatu kutoka kushoto ni cha ukoo wako. Mama yako alikushika mkono ukagonga pale."

"Basi kesho tutaanzia pale," Tembo akajibu. "Nenda nyumbani, mtani wangu. Ukuta ukiisha nitakupa tundu humo ulale."

Pimbi akaondoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa anasaga meno, lakini neno moja lilimbaki kichwani. Mtani.

Maana lazima mjue, watoto, kwamba ukoo wa Pimbi na ukoo wa Tembo walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, na ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Msibani ndiyo kabisa. Mtani huficha majembe ya wachimba kaburi, hujilaza ndani ya kaburi, na hatoki mpaka mfiwa ampe anachotaka. Kumtoa kwa nguvu ni mwiko. Na hadi aridhike, mji mzima unakaa matanga: hakulimwi, hakupikwi, hakujengwi. Kila mtemi aliapa kuutunza utani huo siku ya kutawazwa. Tembo naye aliapa.

Asubuhi Fisi alifika na wafanyakazi wake. Walichimba shimo refu chini ya jiwe, wakajaza kuni, wakapanga mitungi ya maji. Nyundo, tindo na mitaimbo vikawekwa tayari.

Pimbi akatoka. Alikuwa amejipaka majivu usoni na kujifunga kanga kiunoni, na nyuma yake ukoo wake wote, pimbi arobaini. Hakumsalimia mtu. Akaokota kijiwe, akagonga.

Ngoooo! Ngoooo! Mara saba.

Watu waliacha majembe mashambani, wakaja mbio wakiulizana nani kafa. Walimkuta Pimbi analia. Msidhani alikuwa anaigiza. Hasira nayo ina machozi yake, na yale yalikuwa ya kweli.

Mama Nyumbu akamshika bega akamwuliza msiba ni wa nani.

"Muulizeni Mtemi," Pimbi akasema. "Mwenye msiba ndiye yule anakuja."

Tembo alikuwa anakuja kweli, taratibu, kutazama kazi yake. Alipomwona mtani wake amejaa majivu, akaona hapa pana mzaha, na mzaha haumshindi. Alipenda sana watu wacheke mizaha yake, mtemi yule.

"Ni kweli, jamani," akasema kwa sauti kubwa. "Jiwe limekufa. Lilikuwa la ukoo wangu, mimi ndiye mfiwa, na leo nalizika ukutani. Lieni upesi, tuna kazi."

Wachache wakacheka. Machozi ya Pimbi yakakatika palepale.

"Umesema wewe ndiye mfiwa?"

"Nimesema."

"Mbele ya hawa wote?"

"Hata mama yangu angekuwa hai ningesema mbele yake."

Puu! Pimbi akarukia ndani ya shimo, akajilaza chali juu ya kuni, mikono kifuani. Na wale pimbi arobaini wakatawanyika: huyu kachomoa tindo mkononi mwa Fisi, yule kaburura nyundo, watatu wamebeba mtaimbo, wengine wanaviringisha mitungi. Kufumba na kufumbua, vyote vimeingia kwenye nyufa za jiwe, mahali ambapo mkono wa Fisi haufiki, sembuse mkonga wa Tembo.

Fisi akapandwa na mori. Akanyakua kijinga cha moto, akasema atawasha kuni hizo hizo. Mama Nyumbu akasimama mbele yake.

"Kishimo changu umekwishakivunja," akamwambia. "Sasa mguse mtani kaburini, nione."

Watu hawakucheka tena. Mmoja mmoja wakakaa chini, wakafunika vichwa, kama wakaavyo matangani. Kijinga kikazimika mkononi mwa Fisi.

Tembo akaanza kupepea masikio. Pimbi akamwona kutoka shimoni.

"Umenuna, mtani? Mfiwa hamnunii mtani, unavunja kiapo. Masikio makubwa kama nyungo, na jiwe linakuita tangu jana husikii! Wewe ni mkubwa wa nini? Wa kula?"

Tembo akameza hasira yake, maana hakuwa na ruhusa nayo. Akaahidi gunia la mtama. Pimbi akakataa. Akaahidi magunia kumi, na Pimbi akamwambia akayajengee ukuta.

Jua likapanda, likapita utosini. Hakuna aliyelima, hakuna jiko lililowashwa, hata la Mtemi, kwa sababu wake zake nao walikuwa wamekaa chini na vichwa wamefunika. Tumbo lake likaanza kusema: nguruuu, nguruuu. Mji mzima ukalisikia, na hakuna aliyejifanya hakusikia.

"Unataka nini?" Tembo akauliza mwishowe.

"Nataka marehemu afufuke," Pimbi akasema. "Nenda kwenye kishimo cha mama yako, ugonge, useme kwa kinywa chako kwamba yu hai. Na aliye hai hachomwi moto."

Tembo akatazama watu. Akatazama kuni. Kisha akausogelea ubavu wa jiwe, akapapasa kwa mkonga, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akaokota kijiwe akagonga.

Ngoooo!

"Yu hai," akasema, kwa sauti ndogo. Pimbi akamwambia arudie, wa nyuma hawakusikia. Akarudia.

Ukuta wake aliujenga kwa mawe ya ng'ambo ya mto, siku mbili za kubeba, naye mwenyewe akibeba, Fisi akimfuata nyuma analalamika mgongo. Ulipofika magotini walichoka, wakauacha. Mbuzi waliuruka.

Nyundo za Fisi ziko nyufani hadi leo. Aliziomba sana.

Na mvua ya kwanza ilipokuja, kila nyumba ilileta mtoto wake. Mama Nyumbu naye alileta wake, akafika ubavuni pa jiwe, akatafuta pa kumgongesha, hapakuwepo. Tembo alikuwa amesimama pale pale. Akainamisha kichwa. Pimbi hakumwambia kitu cha kumfariji, na mimi ningekuwepo nisingemwambia. Alichukua ufagio wake akapafagia pale palipobaki kovu, kama alivyofagia vishimo vingine vyote.

Nguvu hupasua jiwe kwa asubuhi moja, na hakuna nguvu inayoweza kuliunga.