Jicho Moja la Manjano

Tegeni masikio, na mwenye usingizi akalale kwao. Huko Matombo, milimani, walikuwepo majirani watatu walioungana kulima manjano, kila mmoja na shamba lake na kipaji chake.

Mloka alikuwa na mkono. Manjano yake yaliiva rangi mpaka jua likichomoza linaona aibu, linarudi ndani. Kunambi alikuwa na mdomo. Huyo angemuuzia samaki maji, na samaki akaomba nyongeza. Semeni alikuwa na pua. Akisimama bondeni, anajua sufuria ya mlima wa pili imeiva au bado. Nyie hata ugali ukiungua mnaambiwa na jirani, basi tulieni.

Msimu ukafika. Mloka akang'oa magunia kama vichuguu. Kunambi akashuka mjini, akarudi na mnunuzi.

"Nataka yaliyochemshwa na kukaushwa," akasema yule bwana. "Yakinipendeza, kila mwaka nanunua kwa mwenye mbegu hii tu."

Ili mnunuzi aone rundo limegusa mawingu, Kunambi akamwagia humo na gunia la mbegu lililowekwa kwa msimu ujao. Mloka alimwona, akacheka tu. Semeni akachemsha lote, akaanika, likang'aa, mnunuzi akabeba huku anaimba.

Mvua za kupandia zikaanguka. "Dada Semeni," Mloka akauliza, "gunia la mbegu liko wapi?"

Semeni akaitazama sufuria yake. Manjano yaliyochemshwa hayaoti, hata uyapande peponi.

Kisha akakumbuka. Kila akichemsha huacha kichwa kimoja kibichi kando ya jiko, alinganishe rangi. Akakifukua majivuni. Moto ulishaunguza macho yote ya kuchipua, limebaki moja. Ukikigawa, umekiua.

"Lete, mbegu nimeilea mimi," akasema Mloka.

"Umeilea, ikamwagwa unacheka!" Kunambi akadakia. "Mnunuzi nimemleta mimi. Bila yeye hicho ni cha kutia kwenye pilau."

"Si wewe uliyemwaga?" akasema Semeni. "Bila mimi mngegombania majivu."

"Na aliyechemsha nani?" akajibu Kunambi. "Pua yote hiyo haikunusa mbegu?"

Hapo neno likamchoma Semeni. Akafunga kile kichwa kwenye pindo la kanga. Mashamba yote matatu yameshachimbwa shimo, na mvua inaanza kukatika.

Haya, nyie mliokodoa macho kama mmeanikwa: jicho ni moja, mashimo matatu. Wewe ungelipanda kwa nani?