Bado Pindo Tu

Wapendwa, Kiswahili chetu kina neno la mwongo, kina neno la mwizi, na kina kigeugeu, yule wa asubuhi hivi na jioni vile. Lakini yule mtu mwema anayekuahidi kwa moyo mweupe, na ukimwegemea unaanguka, tumwiteje? Lipo soko moja ambako neno hilo wanalo. Mtu akikuahidi asitimize, watu wa pale husema, "Amenipa pindo." Nisikilizeni niwaeleze lilikotoka, maana halikuzaliwa kwa mzaha.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja katika soko hilo. Mkono wake ulikuwa mzuri, na ulimi wake mtamu zaidi. Mama mmoja mgonjwa akampelekea kitambaa cha sare ya umoja wa akina mama wa kanisani. Mafundisho alikwisha kuyamaliza. Kilichobaki ni kupokelewa mbele ya madhabahu, na kwao hapokelewi mtu bila sare. Alitaka aivae akiwa bado ana nguvu za kusimama.

"Jumamosi utaikuta tayari," fundi akamwambia. "Wewe ni mama yangu."

Jumamosi mama akaenda, ameshikwa mkono na binti yake. "Bado pindo tu, mama. Pita wiki ijayo." Wiki iliyofuata, pindo. Miguu ilipomwishia akawa anamtuma binti, na binti akarudi na pindo lile lile. Alipotaka kwenda kugomba, mama akamzuia. "Usimsumbue, ana kazi nyingi. Si amesema bado pindo tu?"

Mnaisikia imani hiyo? Nani kati yetu anamwamini Mungu hivyo?

Mama akafa akingoja.

Binti akarudi sokoni, macho yamevimba. "Fundi, nipe hiyo sare hivyo hivyo ilivyo. Tunazika kesho, na akina mama wamekubali azikwe nayo."

Fundi akainama chini ya meza, akatoa mfuko. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vile vile kilivyotoka dukani. Mkasi haukuwa umekigusa.

Akalia, wapendwa, na yalikuwa machozi ya kweli. Akawaondoa wateja wengine wote, akakata, akashona, na kabla jua halijazama sare ilikuwa imekamilika, na pindo lake limenyooka. Binti akaipokea, akaitazama kwa muda.

"Kumbe ilikuwa kazi ya mchana mmoja?" akauliza.

Wewe ungemjibu nini?

Sisi tukishindwa kutimiza ahadi hujitetea kwamba tulikusudia. Fundi naye alikusudia. Kila alipomwona mama yule alimhurumia kabisa, kisha akampa huruma badala ya sare. Hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu ndivyo tunavyoishi humu ndani. Yupo mgonjwa uliyemwambia utapita kumwona. Yupo mke uliyemwambia mtakaa mzungumze mambo yakitulia. Yupo ndugu ambaye amesikia kwa watu kwamba utakwenda kumwomba radhi, na kila mbwa akibweka anachungulia dirishani. Hao hawakuiti mwongo. Wanakutetea.

Basi leo msiniitikie amina. Sala ya mwisho nitaisali na watakaobaki. Aliye na mtu anayemngoja, ainuke sasa hivi aende, mlango uko wazi.