Kiboko Aliyetaka Kuchapiwa Yote

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na digrii ukutani na sufuria tupu jikoni!

Haya, sogeeni. Na anayechati aweke simu chini.

Hapo kale, kale ya juzijuzi, Bonde la Mkokozi lilikuwa na bwawa moja tu, na kwenye majabali juu ya bwawa aliishi Pimbi. Mdogo, hana mkia, hana kazi. Lakini kichwa! Digrii ya kompyuta, tena ya kuisotea, si ya kupewa na mjomba. Ukatibu wa bwawa Kiboko, mkubwa wa maji, alimpa mpwa wake, jitu ambalo likiona kompyuta linaipangusa vumbi, basi. Pimbi akabaki na laptop yake, printa yake na sola juu ya jiwe, akiwachapia wenzake makaratasi.

Asubuhi moja, tifu, tifu, tifu! Kiboko huyo, fleshi ya kompyuta mdomoni.

"We kijana! Wakili wangu Kunguru kanitumia mkataba wa bwawa. Saa sita wanyama wote wanakuja kutia alama za kwato, na faili limegoma. Nimeliuma, wapi! Nimelikalia, wapi!"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Hilo ni faili la zipu. Vitu vimebanwa humo kama nguo sandukuni. Halifunguliwi kwa meno."

"Marahaba. Fungua, am very busy!"

Vidole vikacheza, ta-ta-ta: right-click, Extract All. Pwaa! Mkataba ukatoka. Pimbi akasoma.

Mkataba wenyewe ulikuwa asali tupu. Lakini pembeni, kwenye visanduku vyekundu vya maoni, Kunguru alikuwa ameandika kila alichoambiwa na bosi wake kwenye simu. Kimoja kilisema: "Bosi kasema: wakishatia alama, wadogo wasisogee majini. Tuanze na pimbi."

Mama yake Pimbi alikuwa mzee, na maji mengine yalikuwa mwendo wa siku tatu. Apige kelele? Nani atamwamini? Watasema huyu jobless ana wivu.

Basi akainama kwa adabu. "Mheshimiwa, karatasi ndogo au kubwa?"

"Kubwa! Mimi si mnyama wa nusu!"

"Nyeusi tupu au rangi?"

"Rangi! Mimi si mnyama wa nusu!"

"Maandishi peke yake, au pamoja na maoni ya pembeni?"

Kiboko akapiga mwayo mpaka magego yakaonekana. Maoni ya pembeni ni mdudu gani, hakujua. Na mkubwa kuuliza ni aibu.

"Yote! Mara ngapi nikwambie mimi si mnyama wa nusu? Na kila mnyama apate nakala yake!"

Sawa. Karatasi kubwa, tiki. Rangi, tiki. Print Markup, yaani na maoni ya pembeni, tiki. Printa ikaanza: krrr-zwii-chwap! Krrr-zwii-chwap!

Kiboko akashika nakala moja. "Na hivi visanduku vyekundu?"

"Ni maneno yako mwenyewe, Mheshimiwa. Sikuacha hata moja."

"Vinapendeza!" Akaondoka, tifu, tifu, tifu.

Saa sita, bwawani pamejaa. Mwalimu Kanga, mstaafu, akavaa miwani akasoma kwa sauti: "'Bwawa ni la wote, Kiboko ni mlinzi tu.'"

Makofi, pa-pa-pa!

"Na hapa pembeni: 'Bosi kasema: hilo neno *wote* tutalifuta baadaye.'"

Mikono ya makofi ikabaki hewani.

"'Bosi kasema: Nyati ni misuli mitupu, atatia alama bila kusoma.'"

Nyati, ambaye kwato yake ilishaingia kwenye wino, akaitoa polepole.

"Pimbi!" Kiboko akanguruma. "Umenifanya nini?"

"Nimekuchapia, Mheshimiwa. Yote."

Nyati akainamisha pembe. Kiboko mbio, chubwi! Tangu siku ile hushinda mchana kutwa majini, macho na pua tu nje, akichungulia kama Mwalimu Kanga kamaliza kusoma.

"Kijana," Nyati akaita, "yule mpwa tumemtimua. Njoo uwe katibu wetu."

Pimbi akapandisha kidevu, akatembea kwa madaha kama mwenye mkia.

"Leteni barua ya maombi, wazee wangu. Nitaipitia."

Akamshika mama yake mkono, wakapita katikati ya pembe na meno ya wakubwa wote, wakanywa wa kwanza.

Ngano yangu naifunga hapo. Ikiwa tamu, mpelekee jirani. Ikiwa chungu, mmwagie Kiboko, maji anayo ya kushushia. Na funzo lake, wanangu: watiini wakubwa. Mkubwa akikuagiza jambo, usibishe, usiongeze, usipunguze. Mtekelezee neno kwa neno.