Mtungi Uliobisha Hodi

Sogeeni, na anayesinzia mfinyeni.

Paliondokea mwanamke, Mwanakombo, yuko peke yake jikoni anapepeta mchele. Mtungi wa maji ukaita, "Hodi!" Akanyamaza. "Hodi!" Akanyamaza, ungo akauweka chini. "Hodi!" Mdomo uliozoea adabu ukamponza: "Karibu."

Hakikutoka kitu.

Jioni mumewe, Shekue, akabisha mlangoni, "Hodi!" Mwanakombo akafungua kinywa, sauti hana. Mtungi ukaitika kwa sauti ya Mwanakombo: "Karibu, mume wangu."

Shekue akaingia, akampita mkewe kama anayepita upepo, akaketi mbele ya mtungi.

Majirani wakaona Shekue anaongea na mtungi, wakaita waganga watatu. Wote watatu wakausalimu mtungi.

Mpaka leo Mwanakombo hupika, hupakua, humnawisha mumewe mikono. Shekue hula akashiba, kisha huugeukia mtungi: "Ahsante, mke wangu."

Hadithi yangu imekwama hapo. Mwenye dawa na aseme.