Paa Jeupe la Bi Lubaba

Imepokewa kutoka kwa watu wa kale, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Khurasani alikuwapo wali mcha Mungu, mtawala wa mji huo, aliyetenga fungu la Baitul-Mali, hazina ya umma, kwa ajili ya kuni za masikini. Baridi ya huko si hii yetu ya kujifunika shuka huku tukinung'unika. Ni baridi inayogandisha maji mtungini. Na kwa kuwa masikini wengi huona haya kuomba, wali aliweka desturi. Theluji ikianguka, asubuhi yake muadhini hupanda mnarani akatazama mapaa. Paa lililobaki jeupe, theluji haijayeyuka, ni dalili kwamba chini yake hamna moto. Nyumba hiyo hupelekewa mzigo wa kuni, na mwenyewe hakunyoosha mkono kwa mtu. Watu waliisifu sana desturi ile, na ilistahili sifa.

Katika mji huo aliishi mjane mchamungu, Bi Lubaba, msokotaji wa sufu. Mwanawe wa pekee, Ubaidi, alikuwa ameitwa kulinda mpaka wa mbali. Kabla ya kuondoka aliukata mlozi mkongwe wa uani, akaupasua, akazipanga kuni ukutani kwa ustadi. Akamwambia, "Mama, zisiishe zote. Nikirudi tutakoka moto mkubwa, tuote mimi na wewe."

Bi Lubaba akayachukua maneno yale kama amana. Hakuchoma hata kijiti. Majira ya baridi yakaja yakapita, yakaja mengine, na habari za Ubaidi hazikuja. Mama yake alilala amejizungushia joho la mwanawe, akila mkate mkavu na tende, na kila jioni alizipapasa zile kuni pale shoka lilipopita, akainusa harufu yake. Usimcheke, ndugu yangu. Aliyewahi kumngoja mtu anajua.

Mwaka huo, ambao ndio wa kwanza wa ile desturi ya wali, theluji ikaanguka kwa wingi. Asubuhi mtumishi wa Baitul-Mali, jina lake Shuraihi, akabisha hodi na mzigo mgongoni. "Mama, paa lako jeupe. Hii ni haki yako."

Bi Lubaba akafungua kinywa kusema, asiseme. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Moyo ukamwambia: choma hizi upate joto, na zile za Ubaidi zibaki salama. Kwani wewe si masikini? Nani atakulaumu? Shuraihi akaubwaga mzigo akaenda zake.

Sasa moto utawashwa na nini? Meko yake hayakuwa na kaa tangu mwanawe aondoke. Akachukua kigae, akaenda kuomba kaa la moto kwa jirani yake Ummu Atika, ambaye theluji ya paa lake ilikuwa imeyeyuka, na moshi ukitoka. Akafika, akakuta hapana mlango. Pametundikwa blanketi tu. Ndani, Ummu Atika amewakumbatia wanawe wawili, mmoja akikohoa, na motoni kinateketea kipande cha kitanda chake cha kufumia nguo.

"Karibu mama," alisema. "Chukua makaa, ingawa ni machache."

"Mwanangu, mlango wako uko wapi?"

"Tumeuota juzi."

"Na kwa nini hukuletewa kuni?"

Ummu Atika akainamisha kichwa. "Paa langu si jeupe, mama. Nikiuacha moto uzimike ili theluji ikae, huyu anayekohoa hatafika asubuhi."

Bi Lubaba aliondoka bila kaa. Akauburura ule mzigo mpaka kwa jirani, kisha akajikongoja hadi barazani kwa wali.

"Ewe Amiri," alisema, "kuni nilizoletewa hazikuwa haki yangu. Mimi ninazo, na nilinyamaza. Nimezifikisha kwa aliyechoma mlango wake."

Wali akastaajabu. "Unazo? Mbona paa lako lilikuwa jeupe?"

"Namngoja mwanangu," akajibu, na machozi yakamtoka mbele za watu.

Wali akainuka alipoketi. Akasema, "Astaghfirullah. Tumetazama mapaa, hatukubisha milangoni." Akaamuru kuanzia siku ile watumishi wapite nyumba hata nyumba, waingie, waulize kwa upole. Akataka mama yule apewe mzigo mwingine. Bi Lubaba akakataa. "Nimesema ninazo, Amiri. Nisiwe mwongo mara ya pili."

Akarudi, akawachukua Ummu Atika na wanawe wakae kwake mpaka mlango upatikane. Kisha akaliendea rundo la ukutani. Mkono ulikuwa mzito kuliko gogo lenyewe. "Nisamehe, Ubaidi," alinong'ona, akaliweka mekoni. Mlozi ukashika moto, na harufu yake ikajaa nyumba nzima.

Mtoto mgonjwa akasogea, akanyoosha viganja. "Bibi, nani alizikata kuni hizi?"

"Mwanangu."

"Akija nitamwambia asante."

Bi Lubaba akamvuta kifuani, akalia kilio alichokizuia siku zote, na joto likamwingia mwilini.

Wasimulizi wamekhitilafiana. Wako wasemao Ubaidi alirejea milozi ilipochanua. Wengine wasema iliyokuja ni habari ya kifo chake. Lakini wote wameafikiana kwamba tangu siku ile hadi alipofariki, rehema za Allah zimshukie, theluji haikukaa tena juu ya paa la Bi Lubaba, wala nyumba yake haikukosa mtoto wa mtu anayeota moto.

Basi enyi ndugu, tumwombe Mola atujaalie uaminifu wa mama yule. Na leo, kabla hujalala, mbishie hodi jirani yako.