Ukigusa, Umenunua

Imetufikia kutoka kwa waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemen alikuwapo mfanyabiashara wa nguo aitwaye Numairi bin Waddah. Na nisikilizeni vizuri, ndugu zangu, maana huyu hakuwa mtu mwovu. Laiti angekuwa mwovu, nisingejisumbua kuwasimulia. Waovu tunawajua na tunawakwepa. Numairi alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini. Alifunga Jumatatu na Alhamisi. Kila Ijumaa alichinja, nyama yote ikapelekwa kwa mafakiri, na yeye hakuonja hata kipande.

Soko la mji ule lilikuwa na desturi yake. Nguo ziliuzwa zikiwa zimekunjwa na kufungwa kamba, robota kwa robota, na mnunuzi alichagua kwa macho tu. Mkono wake ukishatua juu ya robota, basi, amenunua. Hafungui, hakagui, habadilishi. Walisema wazee wao waliiweka desturi hiyo ili mikono yenye mafuta isichafue nguo. Huenda ni kweli. Lakini miaka ilivyokwenda, wauzaji wakaigundua faida yake: nguo iliyoliwa na nondo unaikunja upande mzuri juu, unaifunga, na atakayeigusa ni shauri lake.

Siku moja ya baridi kali aliingia dukani kwa Numairi mjane mmoja asiyeona, Bi Rumaisa. Mgongoni alimbeba mjukuu wake Juwairia, mtoto mchanga ambaye mama yake alifariki siku ya kumzaa. Mkononi alishika kamba ya mbuzi jike, na maziwa ya mbuzi yule ndiyo yaliyokuwa uhai wa mtoto. Hakuthubutu kumwacha mbuzi huyo nyumbani. Alikuwa na kibuyu cha samli, akitaka kubadilishana na kipande cha sufu cha kumfunika mjukuu wake.

Akasalimu, akaitikiwa. Akanyoosha mkono.

"Umenunua!" wakapiga kelele wauzaji wa pembeni.

Mkono ulikuwa umetua juu ya robota la nguo ya Shamu, nguo ya maharusi wa matajiri.

"Nimenunua nini?" akauliza Bi Rumaisa. "Mimi bado natazama."

Wakacheka. Subhanallah! Walicheka mpaka wakashika mbavu, eti kipofu anatazama! Soko zima la watu wanaosali, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza asiyeona atatazama kwa kitu gani kama si kwa mikono.

Numairi hakucheka. Alisema kwa upole, na upole huo ndio unaonichoma mimi: "Mama yangu, desturi ya soko ndiyo hii, nimeikuta kwa baba yangu. Nikikuachia wewe, kesho kila mtu atagusa na kwenda zake." Akapokea samli. Samli haikutosha, akapokea na kamba ya mbuzi. Bi Rumaisa alipofika nyumbani akalifungua lile robota, na vidole vyake vikapita kwenye matundu. Nguo ilikuwa imeliwa mwanzo hadi mwisho.

Hakumlaani mtu. Alisema, "Hasbiyallahu wa ni'mal wakil," yaani Mungu ananitosha, akaenda kuomba maziwa kwa majirani. Mara alipata, mara alikosa, na mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Alipoona mtoto anazidi kudhoofika, alijitanda ushungi akaenda kwa kadhi, naye kadhi akamwita Numairi.

Baraza lilijaa wauzaji. Kadhi akamuuliza Bi Rumaisa kama alikubali kununua.

"Sikukubali. Niligusa tu."

"Unao mashahidi?"

"Wapo wengi, kadhi. Wale waliokuwa wanacheka."

Kadhi akawatazama watu. Hakusimama mtu. La haula! Hakusimama hata mmoja. Basi kwa kuwa mwenye kudai hakuwa na shahidi, sheria ilimtaka Numairi aape kwamba yule mama alinunua kwa hiari yake, na kesi iishe.

"Apa tu, Sheikh," wakamnong'oneza wenzake. "Alitoa samli mwenyewe, hakupiga kelele. Si ndiyo kuridhia huko?"

Numairi aliinua mkono. Wanasema ulikaa hewani mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akaushusha.

"Siapi," akasema. "Hakukubali. Alisema bado anatazama, na mimi nilimsikia. Na nguo ile nilijua ina matundu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeikunja."

Wenzake wakaguna kwa hasira. Kadhi akasema: "Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza mauzo ya kugusa bila kufungua wala kukagua. Na muuzaji akiificha aibu ya bidhaa yake, mnunuzi anayo haki ya kuirudisha na kupewa chake. Usidhani unamfanyia hisani, Numairi. Ni haki yake. Mrudishie mbuzi wake na samli yake."

"Samli ipo. Mbuzi sinaye," akasema Numairi. "Moyo wangu ulikuwa mzito juu yake, sikutaka kumuuza wala kumla. Nilimchinja Ijumaa, nikamtoa sadaka."

"Ulimpelekea nani?"

"Mafakiri wa mtaa wa wafinyanzi."

Bi Rumaisa akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Mtaa wa wafinyanzi ndio kwetu," akasema. "Ijumaa nililetewa bakuli la nyama, nikaambiwa ni sadaka yako. Nilikula. Mchuzi nikamlambisha mtoto kwa kidole, maana maziwa hakuwa nayo. Kisha nikainua mikono nikakuombea dua, Sheikh, Mwenyezi Mungu akuzidishie."

Lo! Hebu fikirini, jamani. Anamla mbuzi wake mwenyewe, kisha anamshukuru aliyemnyang'anya! Wanasema kadhi alishika kilemba chake kwa mikono miwili. Waliocheka sokoni walitazama chini. Numairi alianguka magoti akalia mbele za watu kama aliyefiwa.

"Nisamehe, mama yangu. Nitakupa kundi zima la mbuzi. Nitakupa na duka nikiweza."

"Kukusamehe nimekusamehe," akajibu Bi Rumaisa. "Lakini nataka mbuzi mmoja mwenye maziwa, na samli yangu. Hiyo ndiyo haki yangu. Ukinipa zaidi, utaiita sadaka."

Mbuzi akaletwa saa ileile, akakamuliwa palepale barazani, na Juwairia akanywa mpaka akasinzia. Numairi alirudi dukani akakata kamba za marobota yote, akawa anamwambia kila aingiaye: fungua, shika, uliza, na ukikuta kasoro urudishe. Wenzake walimnunia miaka mingi. Naye hadi kufa kwake, kila akitaka kutoa sadaka, alianza kwa kuuliza kwanza kama kuna mtu anayemdai haki.

Ndugu zangu, mimi kila nikikisoma kisa hiki mwili hunisisimka. Kwenye maduka yetu mmetundika aya za Kurani ndani ya fremu, na chini yake mmeandika "Mali ikishauzwa hairudishwi". Mnauza kilichooza chini na kizima juu. Na wewe mnunuzi, usione haya kufungua na kukagua, wala kurudisha kibovu ulichofichwa ubovu wake. Huko si kukosa adabu, ni haki uliyopewa na dini yako. Wewe mwenye duka nakuomba jambo moja tu. Ramadhani ikija, ukiwapakulia maskini futari wakakuombea dua, watazame nyuso zao vizuri. Huenda unawalisha cha kwao.